Flashi pacha za kuwashia seva: Namna ya kuzipima na kuzitunza

SEVA ina mizigo miwili ya kubeba. Wa kwanza ni data za wenyewe: rekodi za wagonjwa, alama za wanafunzi, hesabu za wanachama wa Sacco. Wa pili ni mfumo endeshi, yaani programu inayoiwasha mashine, kuiunganisha na tarakilishi nyinginezo na kuilinda. Kwa kawaida mizigo yote miwili hubebwa na diski zilizomo ndani ya kasha. Hata hivyo, mafundi wanaozihudumia taasisi zenye bajeti finyu wamekuwa na desturi ya kuitenganisha. Diski kubwa huachiwa data, nao mfumo endeshi huwekwa katika flashi ndogo za USB, mbili kwa pamoja, kila moja ikiwa na nakala ile ile iliyo katika ya pili.

Flashi za namna hiyo huitwa pacha. Kila kinachoandikwa katika moja huandikwa papo hapo katika nyingine, na moja ikifa, iliyosalia huendelea na kazi bila mtumiaji yeyote kung'amua. Hapo ndipo penye faida ya mpango huu, na hapo hapo ndipo penye hatari yake. Kifo cha flashi ya kwanza hakina kelele. Seva inaweza kukaa miezi mingi ikitegemea flashi moja huku kila mtu akiamini kwamba ziko mbili, hadi siku ile ya pili nayo itakapokata roho. Makala haya yanaeleza jinsi flashi hizi zinavyopimwa kabla ya kufungwa, zinavyotunzwa zikiwa kazini na zinavyobadilishwa, kwa kuzingatia mazingira ya mji kama Moi's Bridge.

Mji na mashine zake

Moi's Bridge umo katika kaunti ya Uasin Gishu, kwenye barabara ya kutoka Eldoret kuelekea Kitale, karibu na inapokutana mipaka ya Uasin Gishu, Trans Nzoia na Kakamega. Zamani uliitwa Hoey's Bridge, jina lililotokana na mlowezi A. C. Hoey na daraja la kuvukia mto Nzoia. Reli ya kwenda Kitale ilipita hapo katika miaka ya 1920, na hadi leo ni mji wa mahindi ambamo Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao ina maghala yake.

Kwa fundi wa seva, mji wa aina hii una masharti yake. Stima hupotea na kurejea ghafla. Msimu wa mvua huja na radi, na kiangazi cha kuanzia Januari huja na vumbi linaloingia katika kila tundu la kasha. Tena kipuri kinapokosekana dukani, hakuna budi kupanda matatu hadi Eldoret au Kitale, na muda wote huo mashine imelala.

Isidhaniwe kuwa seva ni kitu kigeni katika ukanda huu. Mnamo 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, katika eneo la Nandi, kilianza kutumia mfumo wa kuhifadhi rekodi za wagonjwa kwa tarakilishi uliobuniwa na Chuo Kikuu cha Moi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Tajiriba iliyopatikana huko ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, mfumo ulioanza kubuniwa mwaka wa 2004 na kuingizwa katika mpango wa AMPATH mjini Eldoret mwaka wa 2006. Baadaye, kuanzia 2012, ukaja KenyaEMR uliojengwa juu ya OpenMRS na kusambazwa katika mamia ya vituo vya afya nchini. Katika shule za msingi, mpango wa serikali wa vishikwambi ulioanza 2016, ambao Chuo Kikuu cha Moi kilishiriki kama mmoja wa wagavi, ulileta seva ndogo ya masomo pamoja na kifaa cha kusambazia mawimbi ya mtandao.

Hatusemi kwamba mifumo hiyo huwashwa kwa flashi. Tunalosema ni kwamba kituo kilichozoea rekodi za tarakilishi hakina tena faili kamili za karatasi cha kukimbilia. Mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza makali ya HIV akifika asubuhi na seva haiwaki, daktari hawezi kuona dawa alizobadilishiwa wala vipimo vya awali, ingawa data zenyewe ziko salama salimini ndani ya diski kubwa. Zimefungiwa ndani, na ufunguo wake ni kijiflashi cha shilingi mia kadhaa.

Wazo lilikotoka

Kumbukumbu ya aina ya flashi ilibuniwa na Fujio Masuoka akiwa katika kampuni ya Toshiba ya Japani, naye akaiwasilisha hadharani mwaka wa 1984. Flashi za USB zenyewe zilianza kuuzwa mwaka wa 2000, mojawapo ikiwa ThumbDrive ya kampuni ya Trek 2000 ya Singapore, na nyingine ikiwa ile iliyotengenezwa na M-Systems ya Israeli na kuuzwa na IBM. Hiyo ya IBM ilikuwa na megabaiti 8 tu, kiasi kisichotosha picha mbili tatu za simu ya leo.

Wazo la kuoanisha diski lilitangulia. Watafiti David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ndio waliolipa umaarufu katika andiko lao la 1988 kuhusu mpango ulioitwa RAID. Walihoji kwamba diski kadhaa za bei nafuu zikiunganishwa kwa ustadi zaweza kutegemewa kuliko diski moja ya bei ghali.

Mambo haya mawili yalikutana katika programu za seva za hifadhi. FreeNAS, iliyoanzishwa na Mfaransa Olivier Cochard-Labbé mwaka wa 2005, ilikuwa ndogo kiasi cha kutosha ndani ya flashi. Ilipowashwa, sehemu kubwa yake ilipakiwa katika kumbukumbu ya kazi ya tarakilishi, na flashi yenyewe ikabaki bila kuguswa. Katika toleo la 9.3, lililotoka mwishoni mwa 2014, diski ya kuwashia iliwekwa chini ya mfumo wa faili wa ZFS, na hapo ikawezekana kuoanisha flashi mbili kwa urahisi. Lakini toleo hilo hilo liliongeza uandishi katika flashi, na watumiaji wengi wakaanza kuziona zikifa upesi. Waundaji wake, ambao mradi wao uligeuka kuwa TrueNAS mwaka wa 2020, waliishia kuwashauri watu watumie diski ndogo za SSD badala ya flashi.

Kampuni ya VMware ilipitia njia iyo hiyo. Programu yake ya ESXi ilikuwa ikiwashwa kwa flashi au kadi za SD katika ofisi nyingi duniani. Toleo la 7 la mwaka wa 2020 likabadilisha mpangilio wa ndani na kuongeza uandishi, vifaa vikaanza kufa, na mnamo 2021 kampuni hiyo ikatangaza kwamba flashi na kadi za SD hazifai tena kutegemewa peke yake.

Msomaji anayenunua seva mpya leo basi asihangaike na flashi ikiwa kasha lina nafasi ya SSD mbili ndogo. Hata SSD iliyounganishwa kwa kebo ya USB ni afadhali, maana hudumu zaidi na mara nyingi hutoa taarifa za afya yake. Ushauri unaofuata unawahusu wale ambao tayari wanazo flashi kazini, au ambao mashine yao ya mtumba haina nafasi nyingine na mhasibu amekwisha kusema hakuna pesa. Ni wengi.

Kinachoiua flashi

Ndani ya flashi mna chipu yenye vijumba vingi vya kuhifadhi chaji ya umeme. Kila kijumba kinapofutwa na kuandikwa upya, kuta zake huchakaa kidogo. Flashi za kale zilizohifadhi biti moja kwa kila kijumba zilistahimili takriban mizunguko 100,000 ya namna hiyo. Zile za biti tatu, ambazo ndizo zimejaa madukani, hustahimili takriban 1,000, na za biti nne hupungukiwa zaidi. Kusoma peke yake hakuichoshi flashi kwa kiwango hicho. Kinachoiua ni kuandika, hasa kuandika vitu vidogo vidogo bila kukoma, kwa sababu ili kubadilisha herufi chache kidhibiti hulazimika kufuta na kuandika upya eneo kubwa.

SSD nzuri ina kidhibiti chenye akili ya kugawa uchakavu huo kwa usawa na kutunza hesabu ya mizunguko iliyosalia. Flashi ya bei rahisi hugawa vibaya, na nyingi hazitoi taarifa yoyote ya afya. Fundi akiiuliza flashi hali yake kwa programu ya smartctl, aghalabu hapati jibu. Ndiyo maana flashi hujulikana hali yake kwa kuisoma yote, si kwa kuiuliza.

Zaidi ya uchakavu kuna joto, ambalo huharakisha kuvuja kwa chaji katika vijumba. Kuna pia kukatika kwa stima kidhibiti kikiwa katikati ya kuandika orodha yake ya ndani. Flashi iliyopatwa na hilo huweza kuamka ikiwa haijitambui, ikidai ina baiti sufuri, hata kama ilinunuliwa wiki iliyopita. Kumbuka kwamba flashi zote mbili ziko katika mashine moja na hukatiwa stima kwa sekunde ile ile. Pacha hawa wanashiriki maradhi.

Kupima kabla ya kufunga

Kosa la kwanza hufanyika dukani: fundi hununua flashi mbili za aina moja, zenye rangi moja, kutoka katika pakiti moja. Zikiwa za toleo moja la kiwandani, zikiandikwa kiasi kile kile na kuishi katika joto lile lile, huelekea kufikia mwisho wao kwa wakati mmoja. Heri kununua za kampuni mbili tofauti, na ikiwezekana katika maduka mawili. Ukubwa wa gigabaiti 16 au 32 unatosha kwa mifumo mingi ya aina hii. Nafasi ya ziada humsaidia kidhibiti kugawa uchakavu.

Kosa la pili ni kuamini maandishi ya juu ya ganda. Flashi bandia ziko tele. Hila yake ni kwamba chipu ndogo, mathalani ya gigabaiti 8, hupangwa iidanganye tarakilishi kuwa ni ya 64. Mnunuzi huiona 64 kwenye skrini, huweka faili zake za kwanza bila tatizo, na baada ya gigabaiti 8 kujaa, kinachofuata hupotea au hufuta kilichotangulia. Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa ghushi tangu 2008, lakini sheria haiirejeshi seva iliyozimika.

Dawa ni kuijaza flashi yote na kuisoma yote. Wanaotumia Windows wana H2testw, programu ya bure iliyotokana na jarida la Kijerumani la c't. Wenye Linux wana F3. Zote mbili huandika mafaili yenye data zinazojulikana hadi flashi ijae, kisha huyasoma na kulinganisha. Flashi ya gigabaiti 32 inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde huhitaji takriban dakika 53 kujazwa, na muda zaidi wa kusomwa, kwa hivyo kazi hii haifanywi mteja akisubiri kaunta. Kabla ya kuanza, hakikisha hakuna kitu cha maana ndani ya flashi.

Matokeo yanasomwa hivi. Kosa hata moja la data ni sababu tosha ya kuirudisha flashi dukani. Hakuna makosa machache yanayovumilika katika flashi mpya. Ukubwa ukitofautiana mno na ulioandikwa, hiyo ni bandia. Kasi ya kuandika ikianza vizuri kisha ikaporomoka na kukaa chini, flashi ni dhaifu hata kama haikukosea. Iguse pia mwishoni mwa jaribio. Ikiwa moto kiasi cha kutoshikika, haifai kukaa ndani ya kasha mchana na usiku.

Jaribio likifanywa mara mbili linatosha. Wako mafundi wenye bidii ambao huijaza flashi kila wiki kuona kama ingali nzima, nao hawajui kwamba kila jaribio linaila. Kujaza flashi ni kwa siku ya kwanza. Baada ya hapo ukaguzi ni wa kusoma tu.

Kuzifunga ziwe pacha kweli

Flashi mbili zinaweza kuwa na faili zile zile na bado moja ikashindwa kuiwasha seva. Sababu ni kwamba mashine inapoamka haijui lolote kuhusu upacha. Programu ya msingi iliyomo katika bodi kuu, iwe BIOS ya kale au UEFI, hutafuta tu kipande kidogo cha programu ya kuwashia katika kifaa cha kwanza inachokiona. Kipande hicho mara nyingi hakiingii katika mpango wa upacha, kwa hivyo lazima kiwekwe katika kila flashi peke yake, na kiwekwe upya mfumo endeshi unapobadilishwa. TrueNAS hulifanya hilo yenyewe. Aliyejijengea Linux kwa mdadm asipokumbuka kuiweka programu ya GRUB katika flashi zote mbili, ana flashi moja ya kuwashia na nyingine ya mapambo.

Vilevile, flashi zote mbili ziorodheshwe katika mpangilio wa BIOS, moja ikifuata nyingine. Mashine nyingine zina tabia mbaya: flashi ya kwanza ikiwa nusu hai, mashine huisubiri bila kikomo badala ya kwenda kwa ya pili. Hapo mtu aliyeko karibu anahitaji kujua ni flashi ipi ya kung'olewa, jambo linalowezekana tu ikiwa kila moja imebandikwa kikaratasi chenye herufi yake na tarehe ya kufungwa.

Jaribio la kuwasha hufanywa hivi. Zima seva kwa utaratibu, ng'oa flashi A, kisha iwashe kwa B pekee. Ikiwaka na watumiaji wakapata huduma zao, zima tena, rudisha A, washa na usubiri hadi programu iseme kwamba A imelinganishwa upya na B. Hapo ndipo unapoweza kung'oa B na kuijaribu A. Anayeruka hatua hiyo ya kusubiri, akawasha kwa A peke yake na kwa B peke yake siku hiyo hiyo, huzalisha nakala mbili zenye historia tofauti, na programu inapokutana nazo huenda ikaifuata isiyofaa. Ni hatua ya dakika chache tu, lakini ndiyo inayorukwa zaidi kwa sababu saa za kazi zimekwisha na kila mtu anataka kwenda nyumbani.

Mahali pa kuzichomeka pana uzito wake. Seva kadhaa zina tundu la USB ndani ya kasha, juu ya bodi kuu, na hapo flashi haigongwi na fagio wala haichomolewi na mwanafunzi anayetafuta pa kuchajia simu. Kama ndani hapana tundu, au pana joto mno, kebo fupi ya kuunganishia nyuma ya kasha huiweka flashi mbali na hewa ya moto. Flashi mbili zisibanane zikagusana.

Kisha punguza uandishi. Shajara za mfumo, yaani orodha ya matukio ambayo seva hujiandikia kila dakika, zihamishiwe katika diski za data. Sehemu ambayo mfumo huitumia kumbukumbu ya kazi inapojaa nayo isiwekwe kamwe katika flashi. Kuna wanaoziacha shajara katika kumbukumbu ya kazi. Huiokoa flashi kweli, ila stima ikikatika shajara zote hufutika, na fundi hukosa ushahidi wa kilichotokea hasa siku anayouhitaji.

Utunzaji wa kila mwezi

Kazi kuu ni ukaguzi wa jumla, ambapo programu husoma kila kipande kilichotumika katika flashi zote mbili na kulinganisha. Mara moja kwa mwezi inatosha kwa taasisi ndogo, na upangwe ufanyike usiku.

Ubora wa ukaguzi hutegemea mfumo. ZFS, uliotolewa na Sun Microsystems mwaka wa 2005, huhifadhi kwa kila kipande hesabu ya uthibitisho. Flashi mbili zikitofautiana, huikokotoa hesabu hiyo upya, hutambua ni ipi inayosema kweli na hurekebisha ile iliyoharibika. Ukaguzi huanzishwa kwa amri ya zpool scrub, na matokeo husomwa kwa zpool status. Neno ONLINE mbele ya kila flashi ni habari njema. DEGRADED maana yake pacha mmoja hayuko kazini. Usiishie kwenye neno hilo. Tazama pia safu za makosa ya kusoma, kuandika na uthibitisho. Flashi iliyo ONLINE lakini ambayo idadi ya makosa yake huongezeka mwezi baada ya mwezi imeshaanza safari.

Mdadm ya Linux haina hesabu hiyo. Hutambua kwamba flashi mbili zinatofautiana, lakini haijui ipi ni sahihi, na ikiamriwa kurekebisha hunakili kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kuthibitisha. Hali yake husomwa katika faili iitwayo /proc/mdstat. Herufi UU ndani ya mabano huonyesha pacha wote wako hai, na U ikiwa na kistari pembeni huonyesha mmoja ametoka. Kwa seva inayotegemea flashi, ambazo huharibika kimyakimya, mwandishi wa makala haya angechagua ZFS bila kusita.

Nani atayaona matokeo hayo? Programu nyingi hutuma barua pepe, lakini barua pepe inahitaji intaneti iliyolipiwa na mtu wa kuifungua. Mahali ambapo intaneti ni ya kubahatisha, daftari lenye safu tano, kwa maana ya tarehe, hali ya A, hali ya B, makosa, na sahihi, hufanya kazi nzuri. Likabidhiwe mtu mmoja kwa jina, awe karani au mwalimu wa tarakilishi, si "ofisi".

Jingine linalohitaji nafasi katika daftari ni kuzima na kuwasha. Seva iliyokwisha kuwaka huweza kuendelea kwa muda mrefu ikitegemea kilichomo katika kumbukumbu ya kazi, hata kama flashi zote mbili zimeacha kusomeka au zimejifunga zisiandikwe tena, kama ambavyo baadhi ya flashi hufanya zinapochakaa. Watumiaji hawaoni dosari yoyote. Dosari huonekana stima inapokatika. Mwaka wa 2023 pekee, nchi karibu nzima iliingia gizani Agosti 25, Novemba 11 na Desemba 10. Kila mara stima iliporejea, kila seva isiyokuwa na betri ya kutosha ililazimika kuamka upya na kuonyesha kama flashi zake zingalipo. Ni bora mtihani huo ufanyike Jumapili au wakati wa likizo ya shule, fundi akiwepo na flashi ya akiba mkononi, mara moja kila muhula.

UPS nayo si ya kuipa seva saa za kufanya kazi gizani tu. Kazi yake kubwa ni kuipa dakika chache za kujizima kwa utaratibu, na kwa hilo lazima iunganishwe na seva kwa kebo yake ya data ili seva ijue kwamba stima imekatika. Pasipo kebo hiyo, betri ikiisha seva huzimika ghafla vilevile.

Kubadilisha na kutupa

Flashi ikianza kutoa makosa, ibadilishwe. Haisafishwi wala haisamehewi. Mpya ipimwe kwanza kama ilivyoelezwa hapo juu. Ukubwa wake usipungue ule wa zamani hata kwa megabaiti chache, kwa sababu flashi mbili zilizoandikwa gigabaiti 16 hazilingani kamili, na programu hukataa iliyo ndogo zaidi. Fundi mwangalifu hulitazamia hilo siku ya kwanza kwa kuacha sehemu ya mwisho ya flashi bila kutumiwa.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Ikiwa tundu la tatu lipo, chomeka flashi mpya huku ile mbovu ingali mahali pake, acha unakili ukamilike, weka programu ya kuwashia, thibitisha hali, ndipo ung'oe ya zamani. Hata flashi yenye makosa huwa na vipande vingi vizuri, na wakati wa kunakili ndio wakati ambapo flashi iliyosalia hulazimika kusomwa yote, pamoja na pembe zake ambazo hazijaguswa kwa muda mrefu. Kufa kwa pacha wa pili katikati ya kazi hii si ajabu.

Hata zisipotoa makosa, zisiachwe zizeeke pamoja. Njia nyepesi ni kubadilisha A mwaka huu na B mwaka ujao, hivyo pacha hawana kamwe umri mmoja. Flashi ya akiba iliyokwisha kupimwa iwekwe kabatini na isisahauliwe huko, kwani chaji huvuja katika flashi isiyotumika pia. Isomwe yote kila baada ya miezi michache.

Aidha, upacha si hifadhi ya akiba. Karani akifuta faili ya mipangilio kwa bahati mbaya, hufutika katika flashi zote mbili kwa wakati mmoja. Sasisho bovu la mfumo huziharibu zote mbili kwa uaminifu ule ule. Mipangilio ya seva, ambayo katika TrueNAS ni faili moja ndogo ya kupakua, inakiliwe kila inapobadilishwa na kuwekwa nje ya jengo hilo. Aliye na faili hiyo, flashi mpya na nakala ya programu kwenye kipakatalishi anaweza kuisimamisha seva upya kabla ya saa sita mchana. Asiye nayo ataanza kukumbuka kwa kichwa majina ya watumiaji, ruhusa na anwani.

Kuhusu flashi iliyostaafu, wengi huigawa. Hupewa mtoto wa jirani ahifadhie nyimbo. Lakini flashi ya kuwashia hubeba nywila zilizofichwa, funguo za usimbaji na wakati mwingine mabaki ya shajara yenye majina ya watu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtwika anayehifadhi data za watu wajibu wa kuzilinda, na rekodi za afya zimewekwa katika kundi linalohitaji uangalifu zaidi. Kuifuta flashi kwa njia ya kawaida hakutoshi, maana kidhibiti huwa na vijumba vya akiba ambavyo tarakilishi haivifikii, na data za zamani huweza kubaki humo. Flashi ifunguliwe ganda, kisha chipu yenyewe, ile nyeusi ya mstatili, ipondwe hadi ivunjike vipande. Kuvunja kichwa cha USB peke yake hakusaidii: chipu huweza kung'olewa na kusomwa kwa kifaa kingine.